Pumzi Iliyofutwa: Kisa cha Albamu Moja ya Simanzi Kutoka Kaskazini mwa Uswidi

Kisa hiki ninakisimulia kwa ridhaa ya wanabendi wote wanne. Majina ya bendi, albamu, studio na lebo nimeyaacha, mji wao nimeuficha ndani ya eneo pana, na maneno ya nyimbo nimeyaeleza kwa maana yake tu. Mimi nilikuwa msaidizi wa fundi wa sauti, na kosa kubwa kuliko yote humu ni langu. Nakiandika kwa ajili ya vijana wanaokesha mbele ya kompyuta wakisafisha sauti za watu wengine, kazi ambayo mtu huifundishwa kama vile haina hatari yoyote.

Usuli

Wanabendi wote wametoka mji mmoja wa mwambao wa Ghuba ya Bothnia, upande wa Umeå, ambako mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa tatu na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa nane mchana. Walianza kupiga pamoja wakiwa sekondari, katika chumba cha mazoezi walichopewa na chama cha elimu ya watu wazima. Vyama hivi, vinavyoitwa studieförbund, huihesabu bendi ya vijana kuwa kikundi cha kujisomea, na kwa hesabu hiyo bendi hupata chumba, drams na umeme kwa bei ndogo au bure kabisa. Anayeshangaa kwa nini nchi yenye watu milioni 10 na ushei ina bendi za roki kila kona na aanzie hapo.

Nyimbo za albamu hii ziliandikwa na mwimbaji katika majira mawili ya baridi baada ya mama yake kufariki. Baba alibaki peke yake katika nyumba ya zamani. Hakuwa msemaji. Kila Jumapili alimpigia mwanawe simu, akauliza kama theluji imeanguka huko aliko, wakanyamaza kidogo, wakaagana. Kutokana na simu hizo zikazaliwa nyimbo 11.

Waswidi wana neno vemod. Si huzuni ya msiba wala majonzi ya kulia. Ni hali ya mtu aliyekaa dirishani jioni akikumbuka kitu kisichorudi, na kule kukumbuka kwenyewe kuna utamu wake. Sisi tungesema simanzi, ingawa simanzi nadhani ni nzito zaidi. Bendi nyingi za roki za Uswidi zimejengwa juu ya hali hiyo: gitaa linalong'ara lakini lenye mwangwi mrefu, besi inayotembea polepole, kinanda cha zamani kinachoyumba kidogo, na mwimbaji anayeimba kana kwamba hataki kumwamsha mtu chumba cha pili. Bendi hii ilikuwa ya mkondo huo.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikwenda Uswidi kusoma, nikabaki, na wakati huo nilikuwa na miaka sita Göteborg, magharibi mwa nchi. Kiswidi changu kilikuwa kizuri, ila kilikuwa Kiswidi cha magharibi. Fundi mkuu alitoka Skåne, kusini kabisa. Kumbuka ramani hiyo, kwa sababu kisa chote kimekaa juu yake: kutoka mji wao mpaka studio yetu ni karibu kilomita 1,000, na ndani ya studio hakuwamo mtu hata mmoja wa kaskazini isipokuwa wao wenyewe.

Siku tano katika chumba kimoja

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kurekodi wote pamoja, chumba kimoja, bila kliki masikioni, yaani ule mlio wa kuhesabu mwendo. Sababu ilikuwa mpiga drams. Kila wimbo ulipokaribia mwisho alikuwa anarudi nyuma, mwendo ukilegea kidogo kama mtu anayefika mlangoni na hataki kuingia. Katika demo walizorekodi kwa kliki tabia hiyo ilikuwa imepotea, na nyimbo zilisikika nadhifu lakini baridi. Fundi mkuu alisikiliza demo mbili tu, akasema kliki ibaki kabatini.

Gharama yake ilijulikana tangu mwanzo. Ukirekodi hivyo, drams huvujia kwenye maiki ya mwimbaji, na sauti ya kuimba huvujia kwenye maiki za drams. Akikosea mmoja, mnarudia wote. Huwezi kurekebisha neno moja bila kugusa sahani za shaba zilizo nyuma yake. Tulikubali hayo, na nyimbo 10 zilipatikana kwa njia hiyo ndani ya siku nne.

Wimbo wa mwisho ulifuata njia nyingine. Ulirekodiwa usiku wa siku ya tano, mwimbaji akiwa peke yake na gitaa na maiki moja karibu sana na mdomo. Kinanda kiliongezwa baadaye. Ni wimbo wa simu ya Jumapili. Baba anauliza habari za theluji, anaeleza kwamba taa ya kibarazani imeungua na ameibadilisha, na mwishoni kabisa anauliza swali moja: utakuja nyumbani? Gitaa linanyamaza. Kwa kuwa alikuwa peke yake chumbani, sauti yake ilirekodiwa safi kabisa, bila kuvujiwa na chochote. Usafi huo ndio uliotuingiza taabuni.

Ombi la Kiingereza

Wiki mbili baadaye lebo iliomba nyimbo tatu zirekodiwe pia kwa Kiingereza, wimbo wa simu ukiwamo. Halikuwa ombi la kipumbavu. Soko la Kiswidi ni dogo, na bendi za huko zimeimba Kiingereza miaka mingi na kufika mbali. Mfano uliotajwa mezani na kila upande ulikuwa Kent, bendi kutoka Eskilstuna. Walitoa albamu Isola kwa Kiswidi mwaka 1997, na mwaka uliofuata wakaitoa kwa Kiingereza. Wakafanya vivyo hivyo kwa Hagnesta Hill. Baada ya hapo hawakutoa tena albamu kwa Kiingereza, wakaendelea kwa Kiswidi na kuwa miongoni mwa bendi kubwa kabisa za nchi yao hadi walipoagana na mashabiki mwaka 2016. Mtu wa lebo aliona hapo ushahidi kwamba inawezekana. Mpiga besi aliona ushahidi kwamba walijaribu wakarudi.

Tulijaribu siku mbili. Tafsiri haikuwa mbaya. Tatizo lilikuwa kwenye muziki wa lugha yenyewe. Kiswidi kina toni mbili za neno: anden kwa toni moja ni bata, kwa toni nyingine ni roho, na herufi hazibadiliki hata moja. Mwimbaji huyu alikuwa ametunga lahani zake zikifuata kupanda na kushuka huko bila hata kujua. Maneno ya Kiingereza yalipowekwa juu ya lahani ileile, sauti ilipanda mahali pasipo na sababu ya kupanda. Fikiria mtu akiimba taarab kwa Kiswahili huku mkazo umeangukia silabi ya mwisho ya kila neno. Utaelewa kila kitu, lakini hakuna kitakachokugusa.

Nyimbo za Kiingereza ziliwekwa kando kwa makubaliano ya wote, lebo ikiwamo. Siku mbili za studio zilikwenda, na fedha zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya kumiksi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti zote, bila haraka zikapungua. Hilo lilikuwa na athari, kwa sababu kazi ya kusafisha sauti, ambayo fundi mkuu angeifanya mwenyewe, ilishushwa kwangu na kupewa jioni mbili.

Jioni mbili za kusafisha

Nieleze kwanza kwa nini pumzi husafishwa. Sauti ya kuimba hupitishwa kwenye kompresa, ambayo hubana sehemu zenye nguvu. Kisha kiwango chote hupandishwa, na vitu vidogo vilivyokuwa chini hupanda navyo: mate, midomo, kiti kinacholia, na pumzi. Pumzi ambayo ukiwa chumbani huisikii hugeuka upepo mkali kwenye spika. Kwa hiyo msaidizi huipitia sauti sekunde kwa sekunde, akipunguza pumzi nyingine na kufuta nyingine. Nimefanya kazi hiyo mara nyingi sana. Macho huzoea umbo la pumzi kwenye skrini, na mkono hukata kabla sikio halijamaliza kusikia.

Katika dakika ya 4 na sekunde 12 ya wimbo wa simu, baada ya swali la baba, kulikuwa na mvuto mmoja wa hewa. Mfupi, mkali kidogo, midomo imekazwa. Nilidhani ni mtu aliyemaliza kuimba anavuta hewa. Nilifuta, nikaacha mwangwi wa gitaa uende hadi kimya.

Upande wa kaskazini mwa Uswidi, mvuto huo ni neno. Watu wa huko husema ndiyo kwa kuvuta hewa ndani, midomo ikiwa imekusanywa, sauti kama "shup" isiyo na irabu. Sehemu nyingine za nchi watu husema ja huku wakivuta hewa, hilo nilikuwa nimelizoea. Lakini huu wa kaskazini hauna hata ja ndani yake. Wimbo mzima ulikuwa umejengwa kufikia pale. Baba anauliza, utakuja nyumbani? Na mwana anajibu kwa lugha ya nyumbani, ndiyo.

Mimi nimeliondoa jibu. Katika kazi yangu, baba anauliza na hakuna anayemjibu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi ni Mswahili. Nimekulia mahali ambapo mtu akisonya, mtaa mzima unajua amesema nini. Msonyo ni hewa na meno tu, hakuna kamusi inayoweza kuubeba vizuri, lakini umevunja urafiki na umezua ugomvi. Fundi mgeni angeufuta msonyo katika wimbo wa kwetu akidhani ni kelele za mdomo, ningemshangaa. Nami nimefanya lilelile kwa watu wengine.

Bendi walipokea miksi ya kwanza kwa barua pepe. Mwimbaji akajibu neno moja: bra, yaani nzuri. Miksi ya pili, bra. Fundi mkuu aliuona wimbo umepooza kidogo mwishoni, akarefusha mwangwi wa springi. Lebo ikauchagua kuwa singo ya pili, ukatoka.

Swali la dada

Siku ya pili baada ya singo kutoka, dada wa mwimbaji alimpigia simu. Hakuuliza kuhusu gitaa wala kuhusu mama yao. Aliuliza: mbona hukumjibu?

Mwimbaji alitupigia studio jioni hiyo. Hakupaza sauti hata kidogo. Aliuliza kama tuliondoa makusudi. Tangu miksi ya kwanza alikuwa ameona jibu halipo, akadhani tumeamua hivyo kisanii; akajiambia pengine mafundi wanasikia kitu ambacho yeye hakisikii, pengine wimbo usiojibiwa ni mzuri zaidi. Alikaa na wazo hilo wiki tatu, akijaribu kulipenda.

Kurudisha

Faili la awali lilikuwepo. Kanuni ya studio ni kwamba hakuna kinachokatwa kwenye rekodi yenyewe. Kukata ni maelekezo tu juu yake. Kurudisha mvuto ule kulichukua dakika chache. Kuurudisha mahali pake kulichukua siku nzima. Nilipoupitisha kwenye kompresa pamoja na sauti nyingine, ulitoka kama puto linalovuja. Nilipoupunguza, ukazama chini ya mwangwi mrefu tuliokuwa tumeongeza kuziba pengo. Mwisho fundi mkuu aliondoa ule mwangwi, akachukua mvuto kutoka rekodi ghafi bila kompresa yoyote, pamoja na nusu sekunde ya ukimya wa chumba kila upande. Ukimya wa chumba si ukimya mtupu: una mvumo wake, na sikio huutumia kujua kwamba mtu bado yupo pale.

Likabaki swali la singo iliyokwisha kutoka. Kila rekodi ina namba yake ya utambulisho, ISRC, yenye tarakimu na herufi 12, na hesabu za kusikilizwa hufuata namba hiyo. Rekodi iliyobadilishwa kwa namna inayosikika inastahili namba mpya, na namba mpya huanza sifuri. Lebo ilisema tunaweza kuiondoa ya zamani. Mwimbaji alikataa. Alisema watu waliokwisha kuupenda wimbo usiojibiwa wasinyang'anywe. Singo ikaachwa kama ilivyo, na toleo lenye jibu likawekwa kwenye albamu.

Sikukubaliana naye wakati ule, na sijui kama leo ninakubaliana. Nilitaka kosa langu liondoke duniani.

Nyimbo mbili zilizobaki nje

Albamu nzima ilikuwa dakika 51. Kwenye kompyuta hilo si jambo. Kwenye santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, upande mmoja hupendeza ukikaa karibu na dakika 20. Ukizidisha sana, mifereji hubanana, sauti hushushwa, na besi hupungua. Bendi ilikuwa na chaguo la santuri mbili, ghali, au kupunguza. Waliacha nyimbo mbili, zikabaki 9 na dakika 42. Moja ya zilizoachwa ilikuwa nzuri kuliko zote kwa gitaa, na mpiga gitaa ndiye aliyependekeza iondoke, kwa kuwa ilikuwa ya hasira na iliyavunja mazungumzo ya baba na mwana katikati.

Wimbo wa simu uliwekwa mwisho wa upande wa pili. Sehemu ya ndani ya santuri ndipo sauti kali huharibika zaidi, kwa sababu sindano hupita sehemu fupi ya mfereji kwa kila mzunguko. Ndiyo maana mafundi hupenda nyimbo tulivu zikae huko.

Matokeo

Santuri 300 zilichapwa na nyingi ziliuzwa mezani baada ya maonyesho, zaidi katika miji ya kaskazini. Nje ya Uswidi albamu haikwenda mbali. Kwenye maonyesho ya kaskazini hutokea jambo ambalo nimelishuhudia mara mbili: mwimbaji akifika kwenye swali la baba anasogea mbali na maiki, na ukumbi ndio unaojibu. Mamia ya watu wakivuta hewa kwa pamoja. Kusini watu hupiga makofi mapema.

Uchambuzi

Kurekodi bila kliki kulifaa. Albamu imesimama kwa sababu ya mwendo ule unaolegea, na ningependekeza njia hiyo kwa bendi yoyote iliyozoeana miaka mingi. Kwa wanamuziki waliokutana juzi ingekuwa fujo. Kupunguza nyimbo nako kulifaa, japo sababu ya kwanza ilikuwa plastiki na bei yake.

Jaribio la Kiingereza halikushindwa kwa sababu ya wazo lenyewe. Lilishindwa kwa kuja baada ya nyimbo kuwa zimekwisha. Wimbo ukitungwa kwa lugha mbili tangu mwanzo unaweza kuishi kwa lugha mbili. Na hasara yake halisi haikuwa zile siku mbili. Hasara ilikuwa kwamba kazi iliyohitaji sikio la mtu mzima katika fani ilisukumwa kwa msaidizi kwa haraka.

Kuhusu pumzi, rahisi ni kusema sikujua. Kweli sikujua. Lakini niliyoyahitaji kuyajua yalikuwa hatua tatu kutoka kwangu, yameketi kwenye kochi la studio, yanakunywa kahawa. Nilisoma maneno ya nyimbo kwenye karatasi siku ya kwanza; mvuto ule haukuandikwa, kwa sababu hauandikiki. Ningemwomba mwimbaji anisimulie wimbo badala ya kunipa karatasi, angeusema, na alipofika mwisho angevuta hewa, nami ningeuliza.

Kuna pia utaratibu wa kuidhinisha. Uswidi hakuna bwana wala mzee studioni. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 watu karibu wote wameacha vyeo na kuitana wewe. Kila mtu huulizwa maoni yake, na uamuzi husubiri wote waridhike. Nimependa utaratibu huo tangu nilipofika. Udhaifu wake ni kwamba humtegemea kila mtu kusema, na huyu alikuwa mtoto wa baba asiyesema. Fundi mkuu alisikia bra akadhani ni furaha. Nilikuwa nimeishi huko miaka ya kutosha kujua kwamba bra ya mtu wa kaskazini, bila neno jingine mbele wala nyuma, inaweza kuwa mlango uliofungwa taratibu. Kwetu, mgeni akisema chakula ni kizuri na hakuongeza, mwenyeji huenda jikoni kuangalia chumvi.

Siku hizi simtumii msanii miksi kwa barua pepe na kungoja jibu. Namwita, naweka rekodi ghafi kwanza, kisha iliyosafishwa, na ninamwangalia usoni zinapopita.

Albamu ilipopelekwa kukatwa kwenye santuri, niliombwa niandike ile karatasi ya maelezo ambayo fundi wa kukata huisoma: urefu wa kila wimbo, mapengo, mahali penye sauti kali za "s". Mvuto wa hewa una ukali uleule wa "s", na ulikuwa unaangukia sehemu ya ndani kabisa ya mfereji, pale ambapo fundi makini angeushuku na kuupunguza. Kwenye mstari wa mwisho niliandika: upande wa pili, mwisho wa wimbo wa mwisho, 4:12, hii si kelele, ni neno, liache. Akajibu kwamba yeye ni mtu wa Luleå, kulekule kaskazini, na kwamba hakuhitaji kuambiwa.